Mwongozo kamili: kutambua treina za zamani za elektroniki (mtumba) na kuzipa kazi mpya kwenye meza ya fundi

Vyuo vya ufundi vikibadilisha maabara, vifaa vya zamani vinaishia stoo, mnadani au kwa watu wa skrepa wanaopima kwa kilo. Huko ndio utakutana na maboksi ya ajabu ajabu, mbele yamejaa matundu ya rangi, swichi nyingi, taa nyekundu, na mchoro wa sakiti umechapwa juu kabisa ya paneli. Muuzaji mwenyewe hajui ni nini, mwingine atakwambia ni mashine ya hospitali, mwingine atakwambia ni redio ya jeshi na bei inapanda hapohapo. Hayo maboksi ni treina, yani vifaa vya kufundishia elektroniki, na kwa fundi au mwanafunzi ni mali kuliko yanavyoonekana.

Niseme msimamo wangu mapema ili ukisoma huko chini usishangae. Treina unainunua kwa sababu ya pawa saplai yake, paneli yake na boksi lake. Somo iliyokuwa inafundisha mara nyingi limepitwa, na hizo bodi za mazoezi nusu yake zimepotea, lakini umeme wake wa ndani ulitengenezwa ili wanafunzi waupige shoti kila siku na usife, na hicho ndicho kitu ambacho pawa saplai za bei rahisi za madukani hazina. Treina za maikroprosesa (ile chipu iliyo ubongo wa kompyuta) tu ndio naziweka pembeni, hizo nitazieleza peke yake.

Hatua ya 1: itambue kwa kutazama paneli tu

Huhitaji kuifungua ili kujua ni aina gani, paneli inasema karibu kila kitu.

Ukiona bredibodi nyeupe (ubao wa matundu wa kuunga sakiti bila kulehemu) katikati, pembeni kuna maandishi +5V, +12V, -12V, chini swichi ndogo nane au zaidi zimepangwa mstari na taa za LED nazo mstari, hiyo ni treina ya dijitali na analogi. Hizi ndio nyingi zaidi na ndio bora kwa mtu anayeanza. Mara nyingi ina pia jenereta ya mawimbi, utaona kitufe cha kuzungusha kimeandikwa Hz na kHz na alama tatu za mawimbi: saini, pembetatu na mraba.

Ukiona kibodi ndogo ya namba 0 mpaka 9 halafu herufi A mpaka F, na juu yake namba sita hivi za taa nyekundu, hiyo ni treina ya maikroprosesa. Vitufe vingine vitakuwa vimeandikwa RESET, GO, NEXT, REG na kadhalika. Usiifungue kwa pupa na usimuachie mtu wa skrepa.

Ukiona moduli kubwa za chuma zinazoingia kwenye fremu kama droo, matundu makubwa ya rangi, mita za mshale za volti na ampia, na labda mota chini, hiyo ni ya umeme mkubwa na mota. Nzito kuibeba, na hatari kuliko zote humu, ila ndani yake kuna vitu vizuri sana.

Halafu kuna zile za mawasiliano, zimechapwa AM, FM, PCM, kila kipande cha sakiti kimechorewa boksi lake na kuna pini za kupimia zimeandikwa TP1, TP2 mpaka huko. Kuna za TV na redio ambapo TV nzima imetandazwa kwenye ubao mmoja. Na kuna za PLC (kidhibiti cha kuendesha mashine za kiwandani), hizi ni mpya kidogo, zina vitufe vya kijani na vyekundu vya kiwandani, rilei, na umeme wa volti 24.

Matundu nayo yanasema kitu. Nyingi zinatumia plagi za banana za milimita 4 ambazo waya zake zinapatikana kirahisi, chache zina matundu ya milimita 2, hizo waya zake ni shida kwahiyo kama waya hazipo ingiza hiyo kwenye mazungumzo ya bei. Zingine hazina matundu kabisa, zina bodi zinazochomekwa kwenye soketi ndefu, na kama bodi hazipo basi umebaki na pawa saplai tu na bei nayo iwe ya pawa saplai.

Hatua ya 2: jina, nchi na umri

Tafuta kibandiko nyuma. Kama jina lipo kazi imeisha nusu. Feedback ni Waingereza wa Crowborough, LJ Electronics nao Waingereza wa Norwich, Heathkit ni Wamarekani wa Benton Harbor kule Michigan ambao waliacha kuuza vifaa vya kujiungia mwenyewe mwaka 1992, Lab-Volt nao Wamarekani na mwaka 2014 walinunuliwa na Festo ya Ujerumani. Elettronica Veneta na De Lorenzo ni Waitaliano, Lucas-Nülle ni Wajerumani, Scientech ni ya India mji wa Indore, K&H ni ya Taiwan. Kwa nini nchi ina maana? Kwa sababu ya umeme. Kitu kilichotengenezwa kwa soko la Marekani kinategemea volti 120 na hezi 60, na sisi huku tuko 230 mpaka 240 na hezi 50. Ukichomeka bila kuangalia, fyuzi ikikuokoa ni bahati.

Jina lisipokuwepo, umri unaupata kwenye IC, zile chipu nyeusi zenye miguu. Juu ya IC kuna namba mbili, moja ni ya aina, mfano SN7408N, nyingine ni ya tarehe na huwa na tarakimu nne: mbili za mwanzo ni mwaka, mbili za mwisho ni wiki. 8423 manake wiki ya 23 ya mwaka 1984. Angalizo, IC za familia ya 74 zinachanganya watu, ukikuta 7432 peke yake inaweza kuwa aina au inaweza kuwa wiki ya 32 ya 1974, kwahiyo soma IC tano sita uone zinakubaliana wapi. Moja ikiwa mpya kuliko zenzake nyingi, hiyo kuna fundi alishapita.

IC hizohizo zinakwambia na kazi. XR2206 au 8038 ni moyo wa jenereta ya mawimbi. LM723, 7805, 7812, 7912, LM317 ni pawa saplai. 7447 inaendesha zile namba za taa. Kwenye maikroprosesa, ukiona 8085 pamoja na 8255 na 8279 basi ni ukoo wa Intel, 6800 inatembea na 6820 au 6821, 6502 inatembea na 6522, Z80 inatembea na PIO yake. IC yenye kidirisha cha kioo katikati ni EPROM, na hiyo ndio ina programu ya kuendesha kibodi na taa. Kidirisha kikiwa wazi kifunike hapohapo na stika nyeusi au hata selotepu ya umeme, mana jua la moja kwa moja linaweza kufuta programu ndani ya wiki moja hivi.

Ukishapata jina na modeli nenda kwenye Internet Archive au Bitsavers, vitabu vingi vya zamani viko huko bure, kile cha Intel SDK-85 (bodi ya kujifunzia 8085) kwa mfano kipo na sakiti zake zote. Pakua kabla hujafungua skrubu hata moja.

Hatua ya 3: kabla ya kutoa hela

Mnadani mara nyingi hawakuruhusu kuwasha, kwahiyo unaenda na multimita, bisibisi na pua. Ndio, pua. Kitu kilichoungua transfoma kina harufu ya vanishi ambayo haiishi hata miaka ikipita, na kikiwa na hiyo harufu punguza bei au ondoka.

Pima plagi: weka mita kwenye omu, gusa laivu na nyutro za plagi, swichi ya kuwashia ikiwa imewashwa. Ukipata omu kadhaa, kumi au hamsini au mia hivi, primari ya transfoma (koili inayopokea umeme wa ukutani) ni nzima na fyuzi ni nzima. Ukipata hamna kitu kabisa, chomoa fyuzi nyuma uipime yenyewe kabla ya kuhukumu. Ukipata karibu sifuri kwenye treina ndogo, kuna shoti. Alafu pima kati ya pini ya eathi na chuma cha boksi, hapo unataka karibu sifuri. Na kati ya laivu na chuma cha boksi hutaki kuona kitu chochote.

Tikisa. Kitu kikizunguka ndani ni skrubu au ni hitisinki (bati la kupozea) iliyong'oka. Hesabu vitufe vya kuzungusha vilivyokatika. Uliza "waya zake ziko wapi, na vitabu vyake?" mara nyingi vipo kwenye boksi lingine wanaliuza kama karatasi. Bei zinatofautiana sana siwezi kukupangia, ila kipimo changu ni hiki: treina ya dijitali isizidi bei ya pawa saplai mpya ya benchi yenye ubora wa kati pale Kariakoo (Dar) au Luthuli Avenue (Nairobi). Ikizidi, hiyo ziada unalipia nini?

Hatua ya 4: fungua kwanza, usichomeke

Hapa ndio watu wanaharibu. Umefika nyumbani una hamu, unachomeka, pwaa, moshi. Kifaa kilichokaa stoo miaka mingi hakichomekwi hivyo.

Fungua kava. Puliza vumbi, toa buibui na viota (mjusi akikauka juu ya bodi anapitisha umeme, wala sitanii). Halafu angalia vitu vinne.

Kimoja ni sehemu umeme wa ukutani unapoingia. Ukiona kapasita ya mraba yenye ganda la njano linaloangaza kidogo na lina nyufa nyufa, imeandikwa RIFA, itoe. Hizo zinafyonza unyevu kupitia zile nyufa na ukiziwekea umeme zinalipuka na moshi mchafu unaonuka nyumba nzima. Kazi yake ni kuchuja makelele tu, kifaa kitawaka bila yenyewe, baadae utaweka mpya ya thamani ileile yenye alama ileile ya usalama iliyokuwa nayo, X2 au Y2.

Cha pili ni betri. Treina nyingi za maikroprosesa zina betri ndogo ya NiCd ya volti 3.6 imelehemewa kwenye bodi ili RAM isisahau. Hiyo ikizeeka inavuja na uchafu wake unakula kopa ya bodi. Ikate na uitoe hata kama inaonekana nzima. Palipovuja safisha na siki kidogo au maji ya limao, halafu maji safi, halafu spiriti, alafu acha ikauke vizuri.

Cha tatu ni kapasita kubwa za pawa saplai. Zilizovimba juu au zilizotoa ute chini, badilisha. Zikiwa zinaonekana nzima ziache kwanza, tutazipima.

Cha nne ni swichi ya kuchagua volti. Nyingine iko nyuma wazi kabisa, 115/230. Nyingine iko ndani kwenye transfoma yenyewe, utaona primari ina waya nne badala ya mbili, yani koili mbili za 115. Kwa 230 zinaungwa mfululizo, kwa 115 zinaungwa sambamba. Hapo usibahatishe, fuata mchoro wa kitabu au maandishi ya kwenye transfoma, mana ukigeuza koili moja zinapingana na transfoma inakuwa kama waya mtupu. Kama haina 230 kabisa basi tafuta transfoma ya kushushia. Na jua kwamba transfoma iliyopigiwa hesabu ya hezi 60 ukiilisha hezi 50 inapata moto zaidi hata volti zikiwa sahihi, kwahiyo iangalie nusu saa ya kwanza, na kama huwezi kuishika kwa mkono ni dalili mbaya.

Hatua ya 5: kuwasha kwa globu ya siriz

Mafundi wa redio wa zamani wote wanaijua hii na vijana wameiacha, sijui kwa nini. Chukua globu ya zamani ya waya ndani, wati 60, iunge mfululizo kwenye laivu inayoenda kwenye treina. Globu ya LED haifai hapa, lazima iwe ya waya au ya halojeni. Kabla ya kuwasha, IC zote zilizo kwenye soketi na ambazo ni za thamani (prosesa, EPROM) zing'oe polepole, upige picha kwanza ujue kijishimo cha kila moja kinaangalia wapi.

Washa. Globu ikiwaka kidogo halafu ikafifia, safi kabisa. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo kuna shoti, zima, na globu imekuokolea transfoma. Mara nyingi shoti yenyewe ni dayodi za rektifaya (zinazogeuza AC kuwa DC) au kapasita kubwa. Ukishatatua rudia mpaka globu ififie.

Sasa pima. Kwenye tundu la +5V unataka kati ya 4.75 na 5.25. Kwenye +12 na -12 unataka kati ya 11.4 na 12.6. Zikiwa zimeshuka kidogo kwa sababu ya globu usijali, ukitoa globu zitapanda. Ila +5 ikisoma 7 au 8, regyuleta (IC inayoshikilia volti zisibadilike, kama 7805) imekufa kwa kupitisha, na hapo utaelewa kwa nini nilisema prosesa ung'oe kwanza.

Pima sasa na mzigo. Chukua rezista ya omu 10 ya wati 5, iunge kati ya +5 na graundi, inakula nusu ampia. Volti zikibaki juu ya 4.75 iko vizuri. Zikishuka, pima umeme unaoingia kwenye 7805, unatakiwa usipungue volti 7.5 hivi. Ukipungua kapasita imekauka. Wengine watakwambia pima mawimbi yaliyobaki kwa upande wa AC wa multimita, ni kweli kabisa, ila zile mita ndogo za njano aina ya DT-830 AC yake ya chini kabisa ni volti 200, haioni milivolti, kwahiyo kwa mita hiyo njia ya rezista ndio yako.

Ukibadilisha regyuleta kumbuka hili mana linaua vitu: 7805 na 7905 hazifanani miguu. 7805 ni ingizo, graundi, toleo. 7905 ni graundi, ingizo, toleo. Na bati la mgongoni la 7805 ni graundi lakini la 7905 ni ingizo, kwahiyo ile karatasi nyembamba ya maika kati yake na hitisinki usiitupe, ukiitupa umeunga umeme hasi moja kwa moja kwenye boksi.

Hatua ya 6: magonjwa madogo

Swichi na volyumu zilizochakaa zinatibika kwa kontakti klina, unapuliza ndani na kuzungusha mara nyingi. WD-40 ya kawaida sio kontakti klina, inaacha mafuta yanayokamata vumbi. Bredibodi iliyolegea haitibiki, inunue mpya ya matundu 830, ni bei ndogo, bandua ya zamani weka mpya, na hapo treina inakuwa kama imezaliwa upya mana asilimia kubwa ya "sakiti haifanyi kazi" ilikuwa bredibodi tu. Miguu ya IC iliyoota weusi, toa IC na uirudishe mara mbili tatu kwenye soketi yake, inajikwangua yenyewe.

EPROM kama una programa (kifaa cha kusoma na kuandika chipu) ya aina ya TL866 au mwenzio anayo, soma yaliyomo na uyahifadhi kwenye kompyuta kabla hujafanya chochote kingine. Hizo chaji zilizomo ndani zina umri, na siku ikisahau hamna duka la kuinunua ile programu.

Hatua ya 7: sasa ipe kazi

Kazi rahisi kuliko zote ni pawa saplai ya mezani. Huhitaji kubadili kitu, labda kuongeza mita mbili za dijitali za paneli. +12 na -12 ukipima kati yao unapata 24, inafaa kwa rilei za 24 na kujaribu bodi za PLC, ila kumbuka kitu unacholisha kisiwe kimeshikana na graundi ya treina kwa njia nyingine, utapiga shoti nusu ya saplai. Ampia zake ni kidogo, nyingi ni ampia 1 au chini yake, usije ukataka kuchajia betri ya gari.

Kazi ya pili, na ndio ninayoipenda, ni kuiunganisha na Arduino au ESP32, zile bodi ndogo za kuprogramu. Mwanafunzi anayejifunza Arduino anahangaika na LED na rezista na vitufe vinavyochomoka kwenye bredibodi, wakati treina ya dijitali inazo swichi nane na LED nane zimeshafungwa kwenye chuma na kila LED ina drava yake. Unaleta waya tu. Arduino Uno ni ya volti 5 kwahiyo inaongea moja kwa moja na treina ya volti 5. ESP32 ni ya 3.3 na miguu yake haivumilii 5, kwahiyo kila waya unaotoka kwenye treina kuingia ESP32 upitishe kwenye rezista mbili: kilo-omu 1 kutoka kwenye swichi, kilo-omu 2 kwenda graundi, na katikati yake ndio unachukua, hapo 5 inakuwa kama 3.3. Graundi za vifaa vyote viwili lazima ziungwe pamoja, hili wanaosahau ni wengi.

Kabla ya kuunga pima swichi zinatoa volti ngapi kweli. Treina zenye IC za familia ya 4000 zinaweza kuwa zinatumia 12 kwenye swichi, na jenereta ya mawimbi nyingi inatoa chanya na hasi, inaweza kwenda mpaka -10. Mguu wa Arduino ukipewa hasi ndio mwisho wake.

Na kile kitufe kimoja au viwili vilivyoandikwa PULSE au DEBOUNCED ni dhahabu. Kitufe cha kawaida ukibonya mara moja kinagusa na kuachia mara nyingi ndani ya milisekunde chache, Arduino inahesabu nne au tano badala ya moja. Hicho cha treina kina sakiti ya kusafisha ndani, ukibonya moja ni moja. Kwa kufundisha kauta hamna kitu kizuri kama hicho.

Treina ya maikroprosesa iache kama ilivyo, nasema hivi nikijua kuna watu wanataka kutoa prosesa na kuweka Raspberry Pi ndani. Boksi tupu unaweza kupata popote. Kile kitu kizima chenye kibodi kinafundisha kompyuta inavyofikiri kuliko kozi nyingi za video. Chukua mfano wa 8085 yenye mpangilio wa SDK-85, ambapo RAM inaanza 2000. Nenda anwani 2000 na uingize baiti hizi moja moja: 3E 05 06 03 80 32 50 20 76. Maana yake weka 5 kwenye A, weka 3 kwenye B, jumlisha, hifadhi jibu anwani 2050, simama. Bonya GO kuanzia 2000, bonya RESET, halafu tazama 2050, utakuta 08. Uliona 50 na 20 zimegeuzwa? Intel wanaandika nusu ya chini kwanza. Mtoto wa sekondari akifanya hii mara moja haulizi tena RAM ni nini. Kama ya kwako RAM yake inaanza sehemu nyingine, badilisha hizo anwani tu, baiti nyingine zinabaki.

Ukikuta Micro-Professor MPF-1 ile ya Z80 iliyo kwenye kasha lenye umbo la kitabu, hiyo ni ya 1981 na walioitengeneza ni Multitech wa Taiwan, haohao baadae wakajiita Acer. Usiichinje hata kidogo. Na IC za Z80 unazozikuta kwenye mabodi mabovu zihifadhi, mana mwaka 2024 Zilog walifunga kupokea oda za ile Z80 ya kawaida ya miguu 40.

Treina za mota na umeme mkubwa mimi nazichukulia hivi: vunja. Ukiwa na karakana ya kufundishia na umeme wa fezi tatu sawa itumie, lakini angalia kwanza kibandiko, Lab-Volt kwa mfano walitoa za 120/208 na za 240/415, na ya kwanza ukiipeleka kwenye fezi tatu za kwetu umepoteza mota. Kwa fundi wa mtaani cha maana humo ni mita za mshale, rezista kubwa za waya, rilei, na hasa hasa transfoma ya kutenganisha kama ipo. Anayetengeneza pawa saplai za TV na chaja akiwa na transfoma ya kutenganisha ya 230 kwa 230 yuko salama mara nyingi zaidi kuliko anayefanya kazi moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani, japo bado ukishika pande zote mbili kwa wakati mmoja itakupiga tu. Kapasita za mota za makopo ya chuma za kabla ya miaka ya 80 usizipasue, nyingine zina mafuta yenye sumu ya PCB ambayo Marekani wenyewe waliyapiga marufuku kuyatengeneza mwaka 1979.

Za mawasiliano, jenereta yake na kile kiampi kidogo cha spika ni vifaa vizuri vya kutafutia tatizo kwenye sehemu ya sauti ya redio: unaingiza toni ya kilohezi 1 hatua kwa hatua kuanzia kwenye spika kurudi nyuma, sauti inapopotea ndipo ugonjwa ulipo. Kipande cha AM au FM kisiunganishwe na antena ya nje, hutaki watu wa masafa wakubishie hodi.

Za PLC tunza umeme wa 24, vitufe, na hicho kifaa chenyewe hata kama kompyuta haikitambui, mara nyingi shida ni kebo tu ya programu. Rilei na vitufe vya kiwandani vinauzika vyenyewe hata kesho.

Zile bodi za mazoezi zilizobaki bila boksi lake usizitupe haraka. Nyingi zina op-ampi, transista za nguvu na IC za soketi ambazo unazing'oa bila hata kulehemu. Ila usiuze kitu ulichokitoa kabla ya kukipima, kuna feki za kutosha sokoni tayari.

Ukimaliza chukua karatasi, andika umebadilisha kapasita gani, regyuleta gani, na umeme imewekwa 230 au 120, ibandike ndani ya kava kwa selotepu, mana kuna siku itafunguliwa na mwingine.